Pampu Ambayo Haijazinduliwa

Nilikwenda kumzika Fundi Lukasi nikiwa nimejiandaa kulia, nikaishia kukasirika. Nadhani mwenyewe angeona sawa, maana alikuwa na msemo wake kwamba machozi hayawashi mashine. Tulikuwa tumekaa uani kwake, hapo Kilosa, kwenye viti vya plastiki vilivyoletwa na hospitali, sahani za wali zimeshaanza kupita nyuma yetu kimyakimya, ndipo akasimama kijana mmoja mwenye suti kutoka hospitali aliyofanyia kazi marehemu. Akasoma wasifu. Akafika mahali akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwepo: "Atakumbukwa kwa ushirikiano wake mzuri na uongozi wa hospitali, hususan katika kuzindua pampu nne za sindano zilizookoa akina mama wengi." Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nikahesabu vidoleni, nikahesabu tena, kwa sababu ndivyo nilivyo, hata chenji ya karanga nahesabu mara mbili. Pampu nne? Nilikuwepo. Siku ile zilizinduliwa pampu tatu na maiti moja. Na ushirikiano mzuri na uongozi, kama ulikuwepo, basi hata paka na panya wana ushirikiano mzuri, kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi.

Mwaka ule nilikuwa binti wa stendi. Nilikuwa na meza yangu pale Mikumi, kando ya barabara kuu, nauza vitu vilivyokufa nusu: redio za magari, vifaa vya kuchajia, taa za dharura zisizowaka, nyaya za kila rangi. Madereva wa malori walinishushia takataka zao na mimi nikiziita bidhaa. Lukasi alikuja asubuhi moja akiwa na koti la bluu lenye mfuko uliochanika, akashika taa yangu ya dharura, akaifungua kwa bisibisi yake bila hata kuomba, akatazama betri ya ndani. "Hii betri nzima," akasema. "Taa ndiyo mbovu." Nikamwambia taa nzima, bei yake moja. "Dada, mimi nataka moyo tu, mwili baki nao." Nikamjibu kwamba kwangu buchani hatuuzi maini peke yake. Tulivutana mpaka chai yake ikapoa. Mwisho wake alichukua betri, mimi nikabaki na kasha, na wiki iliyofuata akarudi kunitaka nimtafutie nyingine. Alikuwa mtu wa kelele yule. Alilalamika kuhusu jua, kuhusu chai, kuhusu serikali, kuhusu bisibisi za siku hizi. Lakini alinipa kazi: nikae Kilosa, nimtafutie vipuri Mikumi kila gulio, yeye afufue pampu.

Hizo pampu zilifika hospitalini ndani ya kontena la msaada, nane, kuukuu, zimetumika huko zilikotoka mpaka zikachoka, halafu zikakumbuka Afrika. Asiyezijua afikirie kasha lenye ukubwa wa redio ya mezani. Juu yake unalaza bomba la sindano lenye dawa. Ndani kuna mota inayozungusha skrubu ndefu, taratibu kuliko kinyonga, na skrubu hiyo inasukuma kitako cha bomba, dawa inaingia mwilini kidogokidogo kwa saa nyingi bila kuchoka na bila kusinzia. Nesi wetu mmoja alikuwa na wodi nzima. Pampu ilikuwa mkono wake wa tatu. Ila zile nane hakuna hata moja iliyowaka. Karakana ya Lukasi ilikuwa chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka, bado kina masinki makubwa ya saruji, na ndani ya masinki hayo ndimo alimopanga vipuri: mikanda ya mpira sinki hili, meno ya plastiki sinki lile, nati zilizolika kando. Akazifungua zote nane, akatoa figo kwa huyu akampa yule, akakata mkanda wa redio kaseti niliyoipata kwa dereva wa lori, akaufanya mkanda wa mota. Nane zikazaa nne. Zile nne nyingine zilibaki makasha matupu, akaziita magofu.

Kuwaka, alinifundisha, si kupona. Pampu ya kwanza tuliiambia itoe mililita kumi kwa saa, ikatoa kumi na tatu, huku taa yake ya kijani inatutazama kwa uso mkavu kama muuza nyanya aliyeficha mbovu chini ya kopo. Tatizo lilikuwa bomba. Pampu haijui dawa, inajua mwendo. Inasukuma kitako umbali uleule, na mabomba yetu ya bei ya mnada yalikuwa mapana kidogo kuliko yale ya huko ilikozaliwa. "Dawa ya kifafa cha mimba," Lukasi akasema, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele, "ikizidi inazima pumzi. Ikipungua, kifafa kinarudi. Sasa hii kumi na tatu nimpe nani, dada yako?" Nikamwambia sina dada. "Basi shukuru." Ndani kulikuwa na kiskrubu kidogo cha kurekebishia, lakini ili ukirekebishe lazima upime maji yaliyotoka, na mzani wa maabara ulikuwa umekufa. Nikarudi Mikumi kwa dalali mmoja wa vito, mwenye mzani mdogo anaoufunika kwa leso kama mtoto mchanga. Akashangaa. "Mzani huu unapima rubi. Wewe unataka kupimia maji? Maji haya ya bomba?" Nikamwambia, "Maji ya mtu, kaka." Tulibishana mpaka akakubali kuuazima kwa kubadilishana na redio yangu nzuri kuliko zote, abaki nayo mpaka mzani urudi. Mpaka leo sijasikia redio tamu kama ile. Tukapima. Maji kwenye kikombe, tone la mafuta ya alizeti juu yake ili yasipae na joto la Kilosa, saa nzima, mzani, kiskrubu robo mzunguko, saa nyingine. Pampu zote nne tulizipima hivyo, na kila moja ilipogonga kumi nilimwomba airudie. Alilalamika, akarudia.

Nilipanga chumba kwa Mama Zuhura, nyuma ya stesheni ya zamani. Nyumba haikuwa na dari. Ukuta uliishia njiani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na maneno ya chumba kimoja yalipita juu yakadondokea kingine. Zuhura, bintiye, alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, mumewe kibarua kwenye mashamba ya mbegu Kilangali, anarudi mwisho wa mwezi. Zuhura alikaanga chapati barazani, vijana wote wa mtaa ule walikula kwake. Nilikula nao ugali kwa mlenda na perege wa kukaanga, na baada ya kula nikilala nikisikia juu ya ukuta: "Mama, viatu havinitoshi tena." "Miguu ya mimba hiyo." "Na kichwa." "Nenda kliniki, mwanangu, usinieleze mimi, mimi si mzani." Akaenda. Presha juu. Akaambiwa asikae mbali na hospitali. Niliporudi karakana nikamwambia Lukasi, naye akagonga pampu moja kwa kifundo cha kidole, akasema, "Akifika, mwenzake huyu hapa yuko tayari." Nikapeleka maneno hayo nyumbani kama mtu aliyebeba nyama ya sikukuu. Mama Zuhura alinimiminia mchuzi mara mbili.

Hapo ndipo Katibu wa hospitali alipoingia karakana na mwanamke aliyebeba utepe mwekundu. Nitasema haki yake: Katibu hakuwa mjinga wala mwizi. Alikuwa ameona vitanda vya msaada vikiyeyuka kabla havijafika wodini, na alikuwa na sababu yake. "Kitu kisichozinduliwa hakina mwenyewe," akasema. "Kikizinduliwa, mkubwa amekishika, picha ipo, nani ataiba?" Basi pampu zote nne zikafungwa nailoni, zikafungwa utepe kama zawadi za harusi, zikapelekwa stoo kumsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi akapata udhuru. Tarehe ikasogezwa. Akapata udhuru mwingine. Lukasi akaenda kuomba azitoe kidogo azichaji, kwa kuwa betri zile ukiziacha na njaa zinakufa, na stoo haikuwa na hata soketi moja. Akajibiwa kwamba utepe utachafuka. Nasema tena, kwa sababu niliposikia niliuliza mara ya pili nikidhani sikusikia: utepe utachafuka. Mashine za kuokoa wazazi zilikuwa zinakufa rafuni, nzima, zimepimwa, zimepambwa, zinasubiri mtu mwenye mkasi. Na si yeye peke yake. Sisi sote tumelelewa hivyo. Kisima kina maji, watu wana kiu, lakini mpaka hotuba isomwe. Tunaita heshima.

Siku moja kabla ya ile tarehe ya tatu ya uzinduzi, adhuhuri, nilikuwa nafungasha mzigo wa kwenda Mikumi nikasikia chuma kimeanguka barazani, kikaango, kisha sauti ya Mama Zuhura ambayo sitaki kuiandika. Zuhura alikuwa chini, anatetemeka mwili mzima, povu mdomoni, unga wa chapati nywele zote. Jirani mmoja akaanza habari za kuita mwalimu wa kumsomea. Mama Zuhura, mwanamke wa swala tano, akamjibu, "Atasoma akiwa kwenye gari!" Tukampakia kwenye pikapu ya magunia ya mpunga. Hospitalini daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alimtazama mara moja tu akasema anataka pampu. Sista Agnesi, mkuu wa wodi ya wazazi, akanigeukia mimi, kwa kuwa Lukasi alikuwa juu ya paa la jengo la mapokezi akihangaika na nyaya. "Pampu ziko stoo. Katibu yuko Morogoro semina. Wewe si ndiye mwenye mdomo? Nenda nao."

Mtunza stoo alikuwa Mzee Mbaruku, mtu wa kofia safi na funguo nyingi kiunoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaangalia chini. "Ufunguo ninao," akasema. "Ruhusa ndiyo sina." Nikamwambia kuna mtu anakufa. "Najua. Na mimi nina miezi michache nistaafu. Wakikuta utepe umekatwa, watauliza nani." Hapo nikaona upenyo. Maisha yangu yote stendi nilikuwa najifunza jambo moja: mtu anayekataa husema mwenyewe, bila kujua, ni kitu gani hasa anakikataa. Yeye hakukataa pampu. Alikataa mkasi. "Mzee," nikamwambia, "utepe ukifunguliwa fundo lake, ukakunjwa, ukawekwa hapohapo rafuni, umekatwa?" Akafikiri. "Haujakatwa." "Basi mimi sikati kitu." Akafungua mlango, akageuka upande wa ukuta akawa anasoma kalenda. Nililifungua lile fundo kwa meno. Na hata hivyo, nikiwa nimeshaikumbatia pampu mlangoni, akaniita: "Mwanangu, ukunje vizuri. Usiache mikunjo."

Betri ilikuwa imekufa kama tulivyosema itakufa. Lukasi aliteremka kwenye paa akitukana ngazi zote, akaichomeka ukutani, ikawaka, dawa ikaanza kuingia kwa Zuhura. Nikaketi ubaoni nje na Mama Zuhura, ameshika kiatu kimoja cha mwanawe. Hata hatujakaa sawasawa, umeme ukakatika. Jenereta haikuwa na mafuta. Kupitia mlango ulio wazi tukamwona Sista Agnesi kando ya kitanda na bomba la sindano mkononi, anasukuma mwenyewe huku macho kwenye saa ya ukutani, na nyuma yake mama mwingine anapiga kelele za uchungu. "Siwezi hivi mpaka kesho," akasema. Lukasi akanitazama. "Volti kumi na mbili. Betri ya gari. Sasa hivi." Ya gari la wagonjwa ilikuwa safarini na gari lake. Nikakumbuka kibanda cha video cha Saidi, mita chache kutoka geti, ambako mpira ulikuwa unaendelea bila kujali umeme umekatika. Nikaingia gizani. "Saidi, naomba betri." Ukumbi mzima ukazomea. "Dada, zimebaki dakika kumi!" "Toka mbele!" "Mwambie arudi na mumewe!" Nikawaambia, "Zuhura wa chapati ndiye aliye kwenye dakika za majeruhi. Yuko pale, mashine imezima." Saidi alikuwa bado anafikiria bei usoni. Jamaa mmoja wa mbele, yule aliyenizomea kuliko wote, akainuka, akang'oa waya mwenyewe, akainyanyua ile betri kichwani. "Goli tutahadithiwa," akasema. Vijana watatu walimsindikiza mpaka mlango wa wodi kama wamebeba kombe.

Pampu ikaimba tena. Jioni wakampasua, akatoka mtoto wa kike, mdogo, mwenye hasira, nilimpenda hapohapo. Lakini dawa ile haikomi mtoto akizaliwa. Lazima iendelee siku nzima, kifafa husubiri nyuma ya mlango. Ndiyo maana asubuhi, Katibu aliporudi na viatu vimeng'aa, viti vimepangwa, kwaya inapasha, akakuta mezani tatu badala ya nne, alikuja moja kwa moja wodini. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na ile betri. "Ichomoeni saa moja tu," akasema. "Mgeni yuko Mikumi anakunywa chai, anafika." Sista Agnesi akasimama kati yake na kitanda. "Katibu, kifafa hakina ratiba." "Barua inasema nne." "Basi mlete mgeni hapa aizindue mwilini mwa mtu." Sijawahi kuona mtu mzima akitafakari jambo kama lile kwa dhati, lakini alilitafakari. Kisha akamgeukia Lukasi, akateremsha sauti. "Huna nyingine? Inayofanana tu?" Lukasi akasema ana magofu. "Lifute vumbi," Katibu akasema. "Lifunge, uso uonekane." Nilidhani Lukasi atapasuka. Alimtazama Zuhura, akaitazama ile skrubu inavyosogea taratibu, akaenda.

Basi mkubwa akaja, akapewa mkasi kwenye sinia, akakata. Kofi zikapigwa. Nilisimama nyuma nikahesabu meza: nne. Nikahesabu tena: nne, moja haina mota, haina mkanda, haina chochote ndani zaidi ya gunzi alilolijaza Lukasi lisicheze. Mgeni rasmi aliliwekea mkono hilohilo gofu, akapigwa nalo picha, kwa sababu ndilo lililofutwa vizuri kuliko zote. Nilicheka siku ile. Zuhura alikuwa anapumua, ningekosa kucheka kwa nini? Hasira ilikuja baadaye. Zilizozinduliwa ziliandikishwa kwa namba zake. Gofu likapata namba. Pampu ya Zuhura haikuwa na namba. Ukaguzi ukaja, wakaikuta wodini inafanya kazi. "Hii haimo," wakasema. Lukasi akapiga kelele zake zote alizokuwa ameweka akiba tangu azaliwe. Ikaondolewa kama kifaa kisichotambulika, ikatupwa nyuma na vyuma chakavu. Kabla mwaka haujaisha waliletewa mama kutoka Msowero, mwenye hali ileile. Pampu tatu zilikuwa na watu. Ya nne, kwa karatasi, ilikuwa huru. Lukasi alikimbia kwenye chuma chakavu akairudisha, akaifuta, akaichomeka, lakini ilikuwa ni kumkuta mtu ameshafunikwa shuka. Mumewe alikuwa mfugaji, alikuja na fimbo yake, akauliza kwa Kiswahili chake kidogo kama mashine zilikuwepo. Picha ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya kichwa chake, nne zote zinaonekana. Niliacha kazi mwezi ule, nikarudi stendi, nikarudisha mzani. Redio yangu dalali alikuwa ameshaiuza.

Haya yote yalipita kichwani msibani, kijana wa suti anakunja karatasi yake. Zuhura alikuwa amekaa pembeni yangu, mnene sasa, na bintiye, aliyemaliza chuo cha unesi juzijuzi, akigawa sahani. Mjane wa Lukasi akaniita ndani. "Mwaju, kuna kitu chako." Chumbani kwake, juu ya kabati, kando ya Biblia, ilikuwa pale. Ileile ya Zuhura. Waya umechomekwa ukutani, taa ya kijani inawaka. "Mara ya pili ilipotupwa aliileta nyumbani," mjane akasema. "Kila betri ikichoka alitafuta nyingine. Mimi nilimwambia ni wazimu. Akasema siku hospitali wakiwa na shida watajua pa kuja." "Walikuja?" nikauliza. "Wamekuja leo," akasema, "na viti."

Binti wa Zuhura akaja na mama yake kutuangalia, akauliza ni nini hii, ma'mdogo. Nikamwambia akalete bomba la sindano kwenye mkoba wake wa kazi na maji safi. Tukajaza hamsini, tukalilaza juu ya pampu, nikaiambia kumi kwa saa, maji yadondokee kikombeni. Nje walikuwa wanaimba. Tukakaa kitandani watatu, mimi, mama yake na yeye, tunatazama skrubu inavyosogea bila kuonekana inasogea. Saa ilipotimia binti aliinama akasoma bomba. "Arobaini," akasema. "Imetoa kumi." Nikamwambia tungoje saa nyingine, tupime tena.